Betri ya Mashua Ndani ya Kochi

Jumapili, tarehe 9 Februari

Giza tangu Ijumaa. Transfoma ya upande wetu wa mtaa wa Umoja imelipuka, na mafundi wa stima wanasema wako njiani. Njia gani hiyo isiyofika Umoja?

Hilo ningevumilia. Mimi ni mtu mvumilivu sana. Lakini leo nimeamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta nyumba tupu. Mke wangu Wakiuru hayupo. Binti yangu Tiffany hayupo. Hata simu yangu haipo! Nikachungulia dirishani. Kumbe wote wako nyumba inayotazamana na yetu, kwa Nabiswa, wanaangalia televisheni. Simu yangu imechomekwa ukutani kwake, inanyonya moto wa adui. Na mchungaji wangu yumo humo humo, anakunywa chai! Mchungaji niliyemshonea makochi kwa mikono yangu!

Nabiswa ni dereva wa lori aliyestaafu. Ana sola juu ya paa na betri chumbani, basi anajiona waziri wa kawi. Mimi pia nina sola. Betri ninazo tatu. Ila zimezeeka. Zinawasha taa moja, mwanga wake rangi ya mchuzi wa maharagwe, kisha zinazima kabla sijapata miwani.

Sasa jambo lenyewe lililonichoma. Jumamosi wakwe wanakuja. Tiffany wangu, nesi, mtoto wangu wa pekee, anaolewa na Wanyonyi, kijana wa Bungoma anayefundisha hesabu huko Makadara. Wazee wao wanakuja kwa ruracio, mambo ya mahari. Na kwetu mambo hayo hufanyiwa nyumbani kwa baba ya msichana. Si hotelini. Si kwa jirani. Kwa baba.

Basi jioni Nabiswa kaja na simu yangu, imejaa moto hadi juu, na habari mbili. Ya kwanza, Wanyonyi amemchagua yeye awe msemaji wao siku hiyo, maana wanatoka kijiji kimoja. Ya pili, ati giza likiendelea nisijali, shughuli inaweza kufanyiwa kwake. Ati ni kuvuka tu! Nimwoze binti yangu kwenye sebule ya msemaji wa watu wanaokuja kumchukua! Damu ilinichemka hadi masikio yakawa moto. Wakiuru akamshukuru. Alimshukuru!

Nimeapa. Jumamosi nyumba hii itawaka taa, televisheni, friji na spika, vyote kwa pamoja. Nabiswa atavaa miwani ya jua humu ndani.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Upelelezi. Nimekwenda kwa Nabiswa kuomba chumvi. Chumvi ninayo, lakini mpelelezi haendi mikono mitupu. Yaani anakwenda mikono mitupu ndiyo, lakini na sababu.

Nimeziona. Betri zake zimekaa juu ya mbao, zimefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Zote za aina moja, zote za umri mmoja. Nikajifanya natazama saa ya ukutani. Jamaa hakudanganyika. Akaanza kunipa mawaidha bila kuombwa! Ati betri za nyumba si kama betri za gari. Ati nitafute zile zinazotoa moto polepole, usiku kucha, bila haraka. Ati nisichanganye mpya na kuukuu, kuukuu itamvuta mwenzake shimoni. Ati nisiziweke mahali pa joto.

Nimetafakari maneno haya nikishona kiti cha mteja. Nabiswa ndiye atakayepata heshima shughuli ikihamia kwake. Sasa mtu wa namna hiyo akupe siri ya kweli kwa nini? Ni wazi kama jua la mchana. Nikifanya kinyume cha kila alichosema, nitakuwa na betri bora kuliko zote Eastlands.

Tena makochi yake yote ni ya kununua dukani mjini. Mlango kwa mlango na fundi wa makochi! Miaka yote hiyo! Nilikaa dakika chache tu mgongo ukaniuma kwa hasira.

Nimerudi bila chumvi. Nilisahau kuichukua. Wakiuru kaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia ni mambo ya wanaume. Akasema mambo ya wanaume ya mwaka jana yalikuwa kufuga kware bafuni. 

Jumanne, tarehe 11 Februari

Nimefika Njiru kwa Ondiek, yule anayeuza vitu vya mnada kwenye kiwanja nyuma ya kituo cha mafuta. Ana viti vya ndege, ana meno ya daktari, ana kila kitu. Na leo, bahati ya mtende! Ana betri kutoka mashua ya matanga! Mashua ya Mzungu fulani huko Kilifi aliyechoka na bahari akauza kila kipande.

Ondiek kanieleza. Mashua ile ilikuwa na betri za namna mbili. Moja kubwa, ya kuamsha injini. Nyingine ndogo kidogo lakini nzito, ati ya nyumba. Nikamwambia asinichezee akili. Mashua ina nyumba? Akasema ndivyo wanavyoiita: ya taa za ndani, friji ndogo, redio, vitu vya mtu kulala humo akienda na upepo siku nyingi bila injini. Akasema kwa kazi yangu nichukue ya nyumba. Inatoa moto polepole usiku kucha.

Polepole! Neno lile lile la Nabiswa! Nikashtuka. Kumbe wanajuana hawa? Ni njama inayoenea kutoka Umoja mpaka Njiru!

Nikatumia akili zangu. Ya nyumba inawasha taa ya chumba ambamo Mzungu analala amejikunja kama mkate wa chapati. Ya injini inasukuma mashua nzima, na Mzungu ndani yake, na mbwa wake, juu ya bahari! Sasa kitu chenye nguvu ya kusukuma mashua kitashindwa na televisheni yangu? Nikamwambia Ondiek anifungie ile ya injini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sikuzaliwa jana. Akacheka, akaifunga.

Nimeibeba mwenyewe mpaka nyumbani, nimeifunika koti ili Nabiswa asione. Alikuwa amekaa nje akinyoosha miguu. Akanisalimia, akaniuliza kama mtoto analala. Sijui alimaanisha nini. Mgongo umekwisha.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Jaribio. Nimeunganisha betri ya mashua na mtambo wa sola, nikaiacha ijae mchana kutwa. Jioni nikamwita Wakiuru na Tiffany, nikawaketisha, nikawaambia wafumbe macho. Nikawasha kila kitu.

Mwanga ulioje! Taa zote nne! Friji ikakohoa ikaanza kunguruma. Televisheni ikaongea. Nikafungua mapazia yote ili mtaa uone. Nikatoka mlangoni, nikasimama pale nimeshika kiuno. Watoto wakapiga kelele. Nabiswa akatoka kwake, akatazama, akapiga makofi. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote tangu nioe.

Kisha taa zikaanza kusinzia. Nikadhani ni macho. Televisheni ikawa ndogo kama kioo cha simu, ikazima. Friji ikazima. Ugali wa Wakiuru ulikuwa bado haujaiva. Nikabaki mlangoni gizani nimeshika kiuno, na mwanga wa Nabiswa ndio unaonimulika.

Akavuka. Akaniuliza kwa sauti ya upole, sauti ya hospitali, kama hiyo betri si ya kuwashia injini. Ati za injini hupiga teke moja kubwa kisha hazina pumzi. Ati anamjua Ondiek, anaweza kunipeleka Njiru kesho kwa gari lake tubadilishe. Tiffany naye akadakia! Akasema, baba, tafadhali, nenda naye, Jumamosi isiharibike. Binti yangu mwenyewe, upande wa adui!

Nimewaambia wote kwamba betri ni nzima. Ina njaa tu. Imetoka Kilifi, imesafiri, imekaa kwa Ondiek bila kula. Hata wewe ukitoka safari huanzi kucheza mpira.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Kichwa changu ni dhahabu. Nimekumbuka mawe ya redio!

Nani asiyejua? Utotoni kwetu, mawe ya redio yakiisha nguvu baba alikuwa anayaanika juani, juu ya bati. Mchana kutwa. Jioni redio inaimba tena. Kijiji kizima kilisikiliza taarifa ya habari kwa nguvu za jua. Hatukuwa na dereva wa lori wa kutuambia lolote. Sasa kama jua linafufua jiwe dogo la redio, si litafanya maajabu kwa betri ya mashua?

Nimeipandisha kwenye paa, juu ya mabati, katikati kabisa ya jua la Februari, lile jua linalofanya kunguru wenyewe watembee kwa miguu. Sikuitenganisha na waya za sola. Ipate chakula kwa mdomo na kwa ngozi.

Nabiswa akaniona. Akapiga kelele kutoka chini mpaka majirani wakatoka. Ati nishushe! Ati betri haianikwi! Ati italipuka! Hofu iliyokuwa kwenye uso wake! Nikajua nimegusa penyewe. Mtu hapigi kelele vile isipokuwa ameona anashindwa. Nikamwambia kila mtu aanike vyake.

Jioni nimeishusha. Moto huo, nimeibeba kwa kuishikia mifuko miwili mitupu ya saruji. Na jamani, imefura! Ubavu huu umetoka nje, ubavu ule umetoka nje. Jana ilikuwa bapa kama Biblia. Leo ina kitambi. Tiffany kasema betri iliyofura imeharibika. Nikamuuliza, wewe nesi, mtu akishiba tumbo linakwenda wapi, ndani au nje?  Akatoka nje akampigia Wanyonyi simu, wakaongea kwa kunong'ona muda mrefu.

Imeshiba. Sina shaka.

Ijumaa, tarehe 14 Februari

Asubuhi Wakiuru kaniuliza kama najua leo ni siku gani. Nikamwambia najua sana, ni siku ya kushona. Akaenda zake bila kuniachia chai. Wanawake wana mambo.

Kazi kubwa leo. Betri yenye kitambi si kitu cha kuonyesha wakwe. Na Nabiswa akiiona atatangaza ni ya mitumba. Basi nimeshona kochi. Kochi la watu watatu, kitambaa cha maua mekundu, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Ndani ni tupu. Humo ndani ndimo betri inakaa. Waya zinatoka kwa nyuma, kimya kimya. Sponji juu, mgeni juu ya sponji. Nani atajua? Tena betri haipaswi kugusa saruji, sakafu inanyonya moto, kila mtu anajua hilo. Hii imelala kwenye kitanda cha mbao na sponji kama mgonjwa tajiri.

Nimeweka na moja ya zile kuukuu kando yake, nimeziunganisha. Nabiswa kasema zisichanganywe, kwa hiyo nimechanganya. Hata wahenga wako upande wangu: penye wazee haliharibiki neno.

Sikuijaribu. Chakula hakionjwi mpaka kiishe sufuriani.

Wakiuru na mashangazi wamefanya mazoezi ya leso. Ni ile desturi yetu: wakwe wakishakaa, wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni, wanatoka chumbani kwa msururu, wamenyamaza, na bwana harusi lazima amtambue wake. Akikosea, anatozwa mbuzi na anachekwa mpaka uzeeni. Nimetafuta wasichana watano wa urefu wa Tiffany, wenye mwendo wa Tiffany. Mmoja nimempa viatu vya Tiffany. Wanyonyi atatoka jasho! Na mwanga wangu utakuwa mkali, kila mtu aone jasho lenyewe.

Wakiuru ameniambia kitu kimoja kabla ya kulala. Kasema, Baba Tiffany, kesho wewe ukae tu. Ukae kwenye kiti cha baba, mtoto akuone. Nikamwambia nitakaa bila shaka. Kwani nitakuwa wapi?

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Sitaki kuandika.

Jumapili, tarehe 16 Februari

Sikuenda kanisani. Mchungaji alikuwepo jana, hilo linatosha.

Naandika ili vizazi vijavyo vijue nilivyodhulumiwa.

Wakwe walichelewa. Gari lao lilikwama njiani, wakafika jua linatua. Sawa. Giza ndilo nililotaka! Nikawakaribisha nyumba ikiwa nyeusi, kisha nikabonyeza swichi. Mungu wangu! Taa nne. Televisheni. Friji. Spika ikaangusha wimbo wa harusi mpaka vikombe vikatikisika. Wageni wakapiga vigelegele. Nabiswa, akiwa na koti lake la usemaji, akatazama taa, akanitazama mimi, akainamisha kichwa kwa heshima. Nilitaka kulia.

Mkubwa wao, Mzee Wabwire, baba mkubwa wa Wanyonyi, nikamketisha kwenye kochi la maua mekundu. Kiti cha heshima. Akalisifu. Akalibonyeza bonyeza kwa kiganja. Akasema hajawahi kukalia kitu kizuri hivyo. Hayo yaliandikwa moyoni mwangu.

Baada ya sala akaanza kusogea. Akakaa upande huu. Akakaa upande ule. Akanyanyua tako moja, akalipumzisha, akanyanyua jingine. Akamnong'oneza Nabiswa kwa lugha yao. Nabiswa akanitazama kwa jicho la kutilia shaka, akasema mzee anauliza kama ni desturi ya Wagikuyu kumpashia mkwe kiti moto.

Nikasema ndiyo. Kwa wageni wa heshima tu.

Mzee akafurahi sana. Akashukuru. Akajikaza.

Kisha ikaja harufu. Mayai viza. Kidogo kidogo, halafu si kidogo. Mashangazi wakaacha kuimba. Watu wakatazamana, kisha kwa adabu kubwa wakaacha kumtazama Mzee Wabwire. Mzee naye akamtazama Nabiswa. Nabiswa akatazama kochi langu. Mimi nikasema kwa sauti kwamba wasichana watoke sasa!

Wakatoka. Sita, leso kichwani hadi miguuni, msururu kutoka mlango wa chumbani mpaka karibu na kochi. Wanyonyi akasimama, shati limemganda mgongoni. Na hapo hapo taa zikaanza kusinzia. Hapo hapo! Si dakika kumi kabla, si dakika kumi baada!

Nikafikiri haraka. Ni waya tu, nikajiambia. Nifike nyuma ya kochi, niukaze, mambo yaendelee. Lakini nipiteje, Nabiswa amenikodolea macho? Kwenye kiti palikuwa na leso moja imebaki, ya waridi, imeandikwa Wema Hauozi. Nikanyakua, nikajifunika, nikainama, nikapita nyuma ya wasichana kwa mwendo wa msichana. Nikafika mwisho wa msururu. Mkono wangu uko nusu njia kwenda kwenye waya. Taa zikazima. Giza totoro.

Sasa sikilizeni njama! Tiffany na Wanyonyi walikuwa wamepanga tangu Alhamisi kwenye simu. Walinong'ona! Tiffany alimwambia atasimama wa mwisho kabisa, upande wa kochi. Udanganyifu ndani ya nyumba yangu, kwenye desturi ya mababu zangu! Basi kijana hakungoja taa. Akaja gizani moja kwa moja mpaka wa mwisho, upande wa kochi. Akanishika mkono. Akasema kwa sauti iliyojaa mapenzi: huyu ndiye wangu, namjua hata gizani.

Simu zikawashwa, tochi ishirini. Leso ikafunuliwa.

Sitaeleza kicheko. Kilitoka Umoja kikafika mbali. Shangazi mmoja alilala chini. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia, mabega yakitetemeka. Upande wa wakwe ndio haukucheka mwanzoni. Kwao mkwe na wakwe hawagusani ovyo ovyo, na wazee wakaanza kubishana kama mwiko huo unamhusu baba mkwe akiwa ndani ya leso. Wanyonyi alikuwa bado amenishika mkono. Alisahau kuuachia, maskini.

Hapo Mzee Wabwire akasimama ili atoe uamuzi. Na alipogeuka tukaona nyuma ya suruali yake. Maji ya betri yalikuwa yamepanda kupitia sponji. Suruali ya mzee ilikuwa na dirisha. Yeye hakuumia hata kidogo, asifiwe Mungu, alikuwa na kaptura nzito ndani. Lakini dirisha lilikuwa dirisha.

 Nabiswa alivua koti lake, akamfunga mzee kiunoni, akafungua mlango wake. Na sote tukavuka. Wote! Na sufuria za njahi na za mukimo, na mashangazi, na leso. Ruracio ya mtoto wangu wa pekee ikafanyiwa kwa Nabiswa, kwenye makochi ya dukani, chini ya taa zisizokonyeza hata mara moja.

Na faini? Wazee wakakaa, wakaamua. Bwana harusi kakosea, kweli, anadaiwa mbuzi. Lakini aliyechaguliwa hakuwa miongoni mwa wasichana walioandaliwa. Alijipenyeza. Kwa hiyo mbuzi atatolewa na aliyejipenyeza. Na suruali ya mzee pia. Mimi! Baba ya msichana! Natoa mbuzi kwa watu wanaomchukua binti yangu! Tangu ruracio ianze duniani haijatokea.

Kuna jambo moja nataka kuliandika kisha nilisahau. Wakati wa kula nilikuwa nimesimama pembeni karibu na jikoni la Nabiswa, sina pa kutazama. Tiffany akaja, akiwa na leso yake mabegani. Alikuwa amelia, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine. Akasema, baba, mimi sikuhitaji taa. Nilikuwa natafuta uso wako kwenye kiti chako, na kiti kilikuwa kitupu. Akanishika mkono, akanipeleka nikakae. Nikakaa. Nikala mukimo alionipakulia. Kwa muda fulani nikasahau kugombana na mtu yeyote.

Kisha nikatazama juu nikaona taa za Nabiswa, na hasira zikarudi kwa wakati wake.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Stima imerudi leo saa nne asubuhi! Siku mbili kabla ingeniokoa, haikuja. Ikatoka tena saa sita. Inanifanyia makusudi.

Ondiek kaja na mkokoteni kuchukua kochi lililoliwa na maji ya betri. Anasema atapata wa kuliuza. Zile betri Wakiuru alitaka azichukue zote mbili. Nimemwachia ile yenye kitambi. Ile kuukuu nimeificha chini ya kitanda. Imevumilia mengi, haina kosa.

Alasiri Nabiswa kavuka akisukuma toroli. Ndani yake kuna nini? Ile betri nyingine ya mashua! Ile ya nyumba! Amekwenda Njiru mwenyewe akainunua, akaniletea. Ati zawadi. Ati sasa sisi ni wakwe, na mkwe hamwachi mkwe mwenzake gizani. Wakiuru akapokea kwa mikono miwili, akafuta jicho. Nabiswa akaiunganisha mwenyewe, juu ya mbao, akaniomba kwa jina la urafiki nisiiguse. Akaagiza na kochi moja. Kwangu! La maua mekundu, lakini liwe na sponji ndani. Nikamwambia nitalifikiria. Nimeshaanza kulipima.

Na nikiri kitu, kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Inawaka. Tangu saa moja taa ziko vile vile. Wakiuru ametazama kipindi chake mpaka mwisho, na Tiffany amekuja na Wanyonyi kula. Kijana ananisalimia akiwa mbali, mikono nyuma. Nyumba yangu, mwanga wangu, mtoto wangu anacheka mezani. Nimekaa kwenye kiti changu na sikuondoka hata mara moja. Ni jioni nzuri sana.

Ila nimeitazama ile betri kwa makini. Ni bapa. Ubavu huu bapa, ubavu ule bapa. Haina hata dalili ya tumbo. Ninamjua Nabiswa: zawadi kaleta, lakini hakuilisha. Imetoka Kilifi, imekaa kwa Ondiek wiki nzima, na sisi tumeifikisha nyumbani tukaifanyisha kazi usiku wa kwanza bila kuipa kitu. Ugeni gani huo? Mimi nimelelewa vizuri.

Wakiuru anatoka saa mbili asubuhi kwenda sokoni. Nabiswa anakwenda kumpeleka Mzee Wabwire kununua suruali. Ngazi nimeshaiegemeza ukutani. Nitaipandisha pamoja na ile kuukuu, ikae nayo huko juu, izoee desturi za nyumba. Redio inasema kesho jua litakuwa kali.